Siku Niliyokubali Kwamba Gari Langu Liliingia Baharini

Vijana wangu, kazi ya kuendesha wageni ina mambo mawili ambayo hakuna shule inayoyafundisha: namna ya kufunga sanduku juu ya gari lisianguke kwenye matuta ya Ukunda, na namna ya kusema hapana. La kwanza nililijua katika wiki yangu ya kwanza. La pili sikulijua kwa miaka yote niliyokaa kwenye usukani, mpaka likanifedhehesha mbele ya watu, dada yangu akiwa mmoja wao.

Aliyenifunza kazi ni Mzee Charo, Mungu amrehemu, dereva ambaye sikuwahi kumsikia akipandisha sauti hata kwa mbuzi. Alinichukua nikiwa kijana wa Kinondo nisiyejua hata kufungua mlango wa gari kwa adabu. Akanionyesha jinsi ya kusimama, jinsi ya kupokea mkoba wa mama mzee bila kumpokonya, na jinsi ya kupunguza mwendo kabla mgeni hajaomba. Halafu akanipa sheria yake kubwa. "Suleimani," akaniambia, "mgeni hakosi. Mgeni akikwambia jua linachomoza Kwale, mwambie kweli bwana, leo limechomozea Kwale." Na Kwale kwetu ndiko jua linakotua.

Nilikuwa mwanafunzi mzuri mno. Tumbili akiiba mkate wa mgeni, naomba radhi mimi. Mvua ikinyesha, naomba radhi mimi. Mjerumani mmoja alinikemea kwa sababu alitaka kuogelea na maji yalikuwa yamekupwa mpaka kwenye miamba. Nilimwomba samahani, nikamwambia nitazungumza nao. Nizungumze na nani? Hata leo sijui. Lakini alinipa bakshishi nzuri, nami nikajiona fundi wa watu.

Msicheke sana. Nanyi mnafanya hivyohivyo, nimewasikia.

Miaka mingi niliendesha magari ya wengine. Gari la kwangu lilipatikana dada yangu mkubwa, Mwanakombo, alipostaafu. Alikuwa msimamizi wa dobi katika hoteli moja ya Diani, mwanamke wa kukunja mashuka maisha yake yote, na alipopewa kiinua mgongo hakujenga wala hakwenda popote. Alinijia nyumbani akaniambia, "Nunua gari jipya, Suleimani. Jipya, si la mtu. Wewe utaliendesha, na tutakula sote wawili." Tukaongeza na akiba yangu, tukanunua gari la abiria saba, jeupe, la giaboksi ya kujibadilisha yenyewe. Mtoto wake wa mwisho alikuwa bado yuko chuoni. Nalitaja hilo mjue kwamba gari lile halikuwa pambo.

Gari jipya huja na waranti. Wengi wenu mnaifahamu kwa jina tu, basi niwaeleze kama ningependa kuelezwa. Waranti ni ahadi ya kampuni: kitu cha ndani kikivunjika chenyewe kabla ya muda fulani, sisi tutakitengeneza bure. Lakini ahadi hiyo ina milango ya nyuma. Ukipeleka gari kwa fundi wa kando, ahadi imevunjika. Ukikosa sevisi, imevunjika. Ukiliingiza kwenye mafuriko au maji ya bahari, imevunjika. Kwa hivyo kazi yako wewe mwenye gari ni moja: uifunge hiyo milango kabla hujaombwa. Mimi niliifunga yote. Kila sevisi niliipeleka kwenye tawi la kampuni pale Ukunda, kwa wakati wake. Bahari nililiogopesha gari langu kama mama anavyomwogopesha mtoto kisima. Wageni wakitaka kuteremshwa mchangani, niliegesha juu kwenye majani, nikabeba masanduku kwa kichwa.

Siku gari lilipokufa nilikuwa napanda kilima cha Kwale na wazee wawili kutoka Uswisi, mume na mke, wakienda kutazama ndovu. Katikati ya mlima injini ikanguruma, lakini gari halikwenda. Nikakanyaga, likanguruma zaidi, likaanza kurudi nyuma. Nilivuta breki ya mkono na kuwaomba wazee wateremke polepole. Mume alitafuta jiwe mwenyewe akaliweka nyuma ya gurudumu. Unaona aibu hiyo? Mgeni wa umri ule, na kofia yake, anakuwekea jiwe. Nikaomba radhi mpaka mke wake akaniambia inatosha.

Gari likavutwa hadi Ukunda.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipoharibu.

Msimamizi wa karakana ya kampuni alikuwa Bwana Athumani, kijana wa Matuga, mwenye kanzu siku ya Ijumaa na shati lililopigwa pasi siku nyingine zote. Mwenye adabu. Angekuwa na kiburi, labda ningeamka. Siku tatu baada ya kulipeleka gari aliniita, akanivutia kiti, akaagiza niletewe maji.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba."

"Habari za nyumbani? Wazima wote?"

"Wazima, alhamdulillahi."

"Mzee, giaboksi imekufa. Sasa, tumetazama chini ya gari tumekuta kutu, na mchanga mwingi. Nami sina budi kukuuliza, usinielewe vibaya. Gari liliwahi kupita kwenye maji ya bahari?"

Kwenye dawati la pili alikaa binti mmoja wa mapokezi, na nyuma yangu kulikuwa na watu wanaosubiri magari yao. Nilimtazama Bwana Athumani. Alikuwa ameinama kidogo, mikono miwili juu ya meza, uso wa mtu anayeona taabu kuuliza. Na mimi, Mungu anisamehe, nilimwonea huruma. Nilitaka kumwondolea hiyo taabu. Kumwambia hapana ilikuwa ni kama kumwambia umenisingizia, mbele ya watu, naye kijana wa watu ameniamkia vizuri hivyo.

Nikasema, "Huenda, mwanangu."

"Huenda, mzee?"

"Ndiyo. Huenda."

Akashusha pumzi. Aliniambia kwa upole kabisa kwamba basi, kwa masikitiko, waranti haitalipia, na kwamba nikitaka watanitengenezea kwa gharama yangu. Nikamshukuru. Nilisimama, nikampa mkono, nikamshukuru kwa maji.

Nilipofika barabarani ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nilitaka kurudi. Nilisimama chini ya kibao cha duka la dawa, nikajipanga maneno, na kila nilivyoyapanga ndivyo nilivyozidi kuona haya. Ningeingiaje kusema kwamba dakika kumi zilizopita nilisema uongo? Nikapanda tuktuk nikaenda nyumbani.

Mwanakombo nilimwambia nusu. Nilimwambia kampuni imekataa, wanasema ni mambo ya bahari.

"Bahari gani?" akauliza. Alikuwa anakuna nazi, akaacha. "Gari letu limeingia bahari gani?"

"Wanasema kuna kutu."

"Kutu! Gari gani la Diani halina kutu? Hata kitasa cha mlango wangu kina kutu. Nacho kimeogelea?"

"Wao ndio wataalamu, dada."

Alinitazama, kisha akaendelea kukuna nazi. Nilidhani imepita. Wiki ya kwanza ikaenda, ya pili ikaenda. Ulikuwa msimu wa wageni, na ninyi mnajua msimu ni nini kwetu. Wenzangu walinipigia simu, Suleimani kuna watu wa kwenda Shimoni, Suleimani kuna watu wa uwanja wa ndege, nami nawaambia gari linasubiri kipuri. Gari lilikaa uani kwa kampuni, limefunikwa vumbi, na mtu aliandika kwa kidole kwenye kioo cha nyuma, NIOSHE. Nililiona nilipopita. Nilipita upande wa pili wa barabara.

Mwishowe dada alikuja asubuhi moja amevaa buibui lake jipya na mkoba wake mkononi. "Twende," akasema.

"Wapi?"

"Kwa hao wataalamu."

Njiani kwenye tuktuk ndipo nilipopaswa kumwambia. Niliufungua mdomo mara kadhaa. Nilimwuliza kama upepo unamsumbua. Akasema haumsumbui.

Kijana wangu unayenisikiliza, ukiwa na jambo la aibu na kuna mtu anakwenda kukupigania, mwambie kabla hamjafika. Hata kama mko mlangoni. Mshike nguo umwambie. Usimwache ajue kwa kinywa cha adui wake.

Ukumbini kulikuwa na watu kama wanane hivi. Mmoja nilimfahamu, muuza vipuri wa Ukunda ambaye huniita Haji ingawa sijahiji. Bwana Athumani alituona akainuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa ajili ya gari langu. Mnasema liliingia baharini. Nataka unieleze nani aliliona likiingia."

Hakupiga kelele. Lakini miaka ya kusimamia dobi, katikati ya mashine zile, ilimpa sauti inayofika. Watu waligeuka. Mimi nilikuwa nyuma yake kidogo, karibu na mtungi wa maji, nami nawaambieni ukweli: wakati huo nilimwonea haya yeye. Nilitamani angesema taratibu. Nilimtazama muuza vipuri, nikatabasamu, kama mtu anayesema hawa wanawake bwana. Mpaka leo lile tabasamu linanichoma kuliko ile huenda yenyewe.

Bwana Athumani akasema, "Mama, hakuna aliyeliona. Lakini mzee mwenyewe alikubali."

"Mzee gani?"

"Mzee wetu huyu. Nilimuuliza hapahapa, binti yule ni shahidi. Alisema ndiyo, huenda liliingia. Nami nisingeweza kupinga neno la mwenye gari."

Dada yangu aligeuka polepole. Alinitazama kama mtu anayetazama nyumba yake na kukuta mlango uko upande mwingine.

"Suleimani. Ulikubali?"

"Nilisema huenda."

"Gari liliingia baharini?"

"Halikuingia."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

"Basi ulimdanganya kijana huyu."

Hata aliyekuwa akipiga simu aliinyamazisha.

"Ndiyo," nikasema.

"Kwa nini?"

"Nilimwonea haya," nikasema.

Mtu mmoja alicheka. Hakukusudia, ilimtoka tu. Muuza vipuri alitazama viatu vyake.

Bwana Athumani, nami simlaumu, akasema, "Mzee wangu, sasa mimi nishike lipi? La juzi au la leo?"

Hilo ndilo swali, wanangu, na halina jawabu. Mtu akishakubali uongo, ukweli wake unakuwa bidhaa ya mtumba. Nilisimama pale nikiwa mkweli na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuniamini.

Mwanakombo ndiye aliyejibu. "Usishike neno lake. Langu pia usilishike. Ninyi mnasema bahari imeingia ndani ya giaboksi. Ifungueni, sote tutazame."

"Inawezekana, mama. Lakini lazima niseme. Tukiifungua tukakuta maji, gharama ya kufungua itakuwa yenu, juu ya hiyo nyingine."

Dada aligeuka tena kwangu. Tulikuwa karibu sasa, na alishusha sauti kwa mara ya kwanza.

"Nimkubalie?"

"Mkubalie."

"Una hakika, au ni haya tena?"

Nilipita kila safari kichwani. Galu siku ya upepo. Msambweni siku daraja dogo lilipojaa maji, nikageuza gari nikarudi, wageni wakalalamika. Tiwi kwenye zile nyumba za ufukweni, nilipobeba masanduku mpaka nikatokwa na jasho. Hakukuwa na siku moja. Na bado, kwa alivyoniuliza, nilianza kujitilia shaka mwenyewe.

"Nina hakika," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba.

"Fungueni," akamwambia Athumani.

Fundi mkuu alikuwa Mutiso, mtu mzima wa makamo kutoka Makueni, aliyekuwa amekaa pwani siku nyingi. Aliliinua gari, akaweka karai chini, akafungua bolti. Alitueleza kabla hayajatoka: mafuta ya giaboksi ni mekundu, yakizeeka huwa kahawia, lakini yakichanganyika na maji huwa kama maziwa yaliyotiwa sharubati. "Hata mtoto ataona," akasema.

Dada aliinua ncha ya buibui lake lisiguse sakafu, akachuchumaa karibu na karai. Mimi sikuweza. Nilisimama nikatazama ukuta, penye kalenda ya matairi.

Nilisikia mafuta yakianza kutiririka. Halafu nilimsikia Mutiso akisema, "Hapa hakuna maji, bosi."

Niligeuka. Mafuta yalikuwa mekundu yaliyokolea weusi, yananuka kuungua, na ndani yake mlikuwa na chembe za chuma zinazometameta. Hapakuwa na weupe wowote. Mutiso aliyachota kwa kidole akamwonyesha Athumani. "Chuma kimejila chenyewe. Hii imevunjika kutoka ndani."

Bwana Athumani alichuchumaa naye, na shati lake lile la pasi. Alipoinuka hakunitazama mimi, alimtazama dada. "Mama, niwe mkweli kwako. Nilipoona kutu nilikuwa na shaka tu, na ilikuwa kazi yangu kuifungua giaboksi kwanza ndipo niulize. Mzee alipokubali, nilifurahi. Nilifunga jambo. Mnisamehe."

"Andika ulichokiona," dada akasema. "Halafu tutasameheana."

Akaandika, wakubwa wa kampuni kule Mombasa wakajibu baada ya wiki mbili, na giaboksi mpya ikaja bure. Dada aliuliza kuhusu msimu tulioukosa, nani ataulipa. Walisema waranti haifiki huko. Aliuliza mara ya pili, wakasema vilevile. Mwana wake alichelewa muhula mmoja chuoni. Jambo hilo hakulisema kwangu hata mara moja, na mimi nililijua kila siku.

Sasa chukueni haya kutoka kwangu, kwa kuwa niliyalipia. Ukiulizwa jambo la gari lako nawe unalijua, jibu unalolijua. Kama hulijui, sema sijui, maana sijui ni neno safi. Huenda ni neno chafu. Mwenzako huligeuza upande anaoutaka. Mtu akikwambia sababu ya kukukatalia, mwombe akuonyeshe kwa macho, si kwa maneno, na usione haya kusimama hapo mpaka aonyeshe. Usishukuru kabla hujafikiri. Na adabu ni kitu kizuri, Mzee Charo hakunifunza vibaya. Lakini alinifunza kwa ajili ya wageni wa siku saba, watu wanaokwenda zao na jua lao la Kwale. Mimi niliibeba adabu hiyo mpaka mahali ambapo mtu mwingine ndiye angelipa.

Ninyi mmezoea kusema siku hizi. Nawasikia mkibishana na mameneja wa hoteli kwa Kiswahili cha bara na Kizungu ndani yake, na wazee wenzangu hutikisa vichwa. Mimi natikisa pia nikiwa nao. Lakini moyoni nawaombea msiache.

Siku tuliyolichukua gari, Bwana Athumani alilioshea mwenyewe kioo cha nyuma. Dada alikaa mbele, mkoba mapajani. Nililiwasha, likasogea laini kama siku ya kwanza. Nilitegemea atasema kitu juu ya gari. Tulitoka Ukunda, tukaishika njia ya Galu, naye anatazama mbele.

"Miaka yote hii," akasema hatimaye, "wazee walikuwa wakikusifu. Suleimani mpole, Suleimani hana ugomvi na mtu. Na mimi nilikuwa naambiwa nina mdomo. Mama yetu aliniambia nikuige wewe."

Nilipunguza mwendo.

"Nami nikaamini," akasema.

Kulikuwa na ng'ombe barabarani. Nilisimama, nikawangoja wavuke, nami nikashukuru kwamba nina sababu ya kutazama mbele. Walipopita niliondoka taratibu.

"Suleimani."

"Naam, dada."

"Mambo mangapi mengine uliwahi kukubali kwa niaba yetu, kwa haya tu?"

Aliuliza bila hasira, kama mtu anayeuliza njia. Nilishika usukani kwa mikono miwili. Tulipita shule, tukapita msikiti, tukaingia njia yetu ya Kinondo, na alipofungua mlango kuteremka nilikuwa bado sijamaliza kukumbuka.